Mtoto Aamkaye Kabla ya Kucha

Mashaka ya mtoto asiyetaka kulala usiku yajulikana sana, na kila jirani ana shauri lake juu yake. Lakini liko shaka jingine ambalo wazazi huliona haya kulitaja mbele za watu, kwa sababu lafanana na sifa njema. Nalo ni la mtoto alalaye vizuri jioni bila matata, kisha akaamka saa 10 za alfajiri na kukataa kabisa kulala tena. Mkulima husifiwa kwa kuamka mapema. Mtoto wake atalaumiwaje kwa tabia ile ile?

Hata hivyo, mtu atakayekaa majuma mawili na mtoto wa namna hiyo hatasema tena habari za sifa. Mtoto mwenyewe haumwi wala halii. Huketi gizani, macho maangavu kama ya mtu aliyekwisha kunywa chai, akaita, "Mama, kumekucha!" Hakujakucha. Ataka mlango ufunguliwe, ataka uji, ataka kumpanda baba yake mgongoni. Na baba yake, ambaye saa 2 yampasa kuwa mbele ya vitabu vya hesabu, hana tena usingizi wa kumtosha. Baada ya siku kadha wa kadha karani aanza kukosea hesabu nyepesi ambazo hajapata kuzikosea tangu aajiriwe. Mama, ambaye mara nyingi ndiye ainukaye, asahau chumvi chunguni na kuwajibu watu kwa ukali asioutaka mwenyewe. Mtu na mkewe wagombana juu ya jambo lisilo kosa la mmoja wao, na mara nyingi mwisho wa ugomvi huo ni kofi kwa mtoto, ambaye hajui amefanya nini.

Kofi halisaidii neno, maana kimwamshacho mtoto ki ndani ya mwili wake. Jambo hili lilianza kuonekana zamani sana, tena si kwa watu bali kwa mmea. Mwaka 1729 mtaalamu wa nyota wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliuweka gizani mmea wa jamii ya kile tukiitacho kifauwongo. Kila aliyechezea majani utotoni aujua: ukiguswa hunywea, na jua likitua hujikunja. De Mairan aliona kwamba hata pasipo jua la kuupasha habari, mmea uliendelea kufungua majani yake wakati wa mchana na kuyafunga wakati wa usiku. Ulikuwa na saa yake.

Jogoo naye ni vivyo hivyo. Watu wengi hudhani kwamba awika kwa kuuona mwanga, lakini mwaka 2013 wataalamu Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura wa Chuo Kikuu cha Nagoya, nchini Japani, waliwaweka majogoo katika mwanga hafifu usiobadilika, nao wakaendelea kuwika kwa saa ya ndani. Mwaka 2015 wataalamu hao waliongeza habari ambayo wafugaji wengi wataicheka kwa furaha: jogoo mkubwa wa kundi ndiye aanzaye kuwika, na walio chini yake hungoja zamu yao.

Saa ya mwanadamu ni fungu dogo sana la chembe za ubongo, zipatazo 20,000 hivi, lililo juu kidogo ya mahali mishipa ya macho mawili ipishanapo. Kazi yake ilijulikana mwaka 1972. Kabla ya hapo, mwaka 1958, Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alikuwa amekwisha kuipata melatonini, kitu ambacho mwili hukitoa giza liingiapo na kukizuia mwanga ufikapo machoni. Saa hiyo haiendi barabara kama saa ya stesheni. Kwa watu wazima walio wengi mzunguko wake huzidi saa 24 kwa dakika chache, na mwanga wa kila siku huirudisha mahali pake. Mtoto mchanga huzaliwa saa yake haijatengemaa, ndiyo maana hachagui usiku wala mchana. Hupita miezi miwili mitatu kabla haijaanza kuonekana. Kumlaumu mtoto wa miezi miwili kwa kuamka alfajiri, basi, ni sawa na kumlaumu kwa kutojua kusoma.

Pamoja na saa hiyo iko haja ya usingizi, ambayo hulimbikana kama maji katika pipa tangu mtu aamkapo, na kupungua kadiri alalavyo. Alexander Borbély wa Zurich, Uswisi, ndiye aliyeeleza mwaka 1982 jinsi mambo haya mawili yashirikianavyo. Mtoto aliyelala tangu jua kutua, ifikapo saa 10 pipa lake limebaki na maji kidogo tu chini. Usingizi wake ni mwembamba. Tena usingizi wa mtoto mdogo huenda kwa duru fupi, za dakika 50 au 60 hivi, na kila duru ikiisha hukaribia kuamka. Usiku wa manane atageuka tu na kuendelea, kwa kuwa pipa bado limejaa. Alfajiri kitu chochote chatosha kumwamsha kabisa: bati linalolia kwa baridi, kikohozi cha jirani nyuma ya ukuta wa mbao, gari la kwanza la abiria barabarani, nepi iliyolowa, blanketi lililoanguka. Katika miinuko ya Limuru, Molo au Kinangop, hasa mwezi wa Julai, baridi peke yake humwamsha mtoto ambaye angeweza kulala hadi jua kuchomoza, na dawa yake ni soksi na fulana ya sufu tu.

Hapa wazazi wa Kenya wana bahati moja ambayo wengi wao hawaijui. Katika mji wa London, mwezi wa Juni, jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri, na wazazi wa huko hununua mapazia mazito meusi ili watoto wasidanganywe na mwanga. Nchi yetu imepitiwa na ikweta. Mjini Nairobi jua halichomozi kamwe kabla ya saa 12, wala halikawii hadi saa 1, mwaka mzima. Mombasa hutangulia kwa dakika chache, na Kisumu huchelewa kwa dakika chache. Kwa hiyo mtoto wa Kenya aamkaye saa 10 hajaamshwa na jua. Akiona mwanga saa hiyo, ni mwanga uliowashwa na mtu. Taa ya umeme, au kioo cha simu aliyopewa ili anyamaze, humwambia ubongo kwamba siku imeanza, na kesho yake saa ya mwilini itamwamsha papo hapo. Mzazi ampaye mtoto simu saa 10 amejinunulia nusu saa ya kimya kwa bei ya juma zima.

Yafaa kutoa mfano wa nyumba moja ya Nakuru. Mume ni mtunza ghala, mke ana kibanda cha mboga, na mtoto wao wa kiume alikuwa na umri wa miaka miwili na miezi mitatu. Wakaa katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kwa muda wa miezi miwili mtoto aliamka saa 10, pengine kabla ya hapo. Walijaribu kumchelewesha kulala: usiku mmoja walimweka macho hadi saa 3, wakitumaini kwamba atalala kama gogo. Aliamka saa 10 ile ile, akashinda kutwa nzima akilia, maana saa ya mwilini haihamishwi kwa usiku mmoja. Mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea, alisema kwamba mtoto ameonywa kitu katika ndoto. Jirani alisema apewe kijiko cha dawa ya mafua.

Mama alimpeleka kliniki siku ya kupimwa uzito. Mwuguzi, mama mtu mzima aliyekwisha wasikia wengi, hakumpa dawa. Alimwuliza, "Mwanangu, huyu alala saa ngapi kwa jumla?" Mama hakujua. Alijua saa ya kuamka, kwa kuwa ndiyo iliyomwuma, nyingine hakuzihesabu. Basi mwuguzi alimpa karatasi, akamwambia aandike kwa siku saba kila mtoto alalapo na kila aamkapo, mchana na usiku, bila kubadili kitu.

Karatasi ile ilirudi na habari ambayo wazazi hawakuitazamia. Mtoto alikuwa akilala saa 12.30 jioni na kuamka saa 10. Hizo ni saa 9 na nusu. Kisha, kwa kuwa aliamka mapema, alisinzia kibandani kwa mama yake saa 3 asubuhi hadi saa 5. Jumla saa 11 na nusu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13. Mtoto wa Nakuru, basi, hakukosa usingizi hata kidogo. Waliokosa usingizi ni wazazi wake. Kile walichokiita usingizi wa asubuhi kilikuwa ni kipande cha mwisho cha usiku, kilichokatwa na kuhamishiwa kibandani.

Kazi iliyobaki ilikuwa ni kukirudisha kipande kile mahali pake, tena kwa polepole. Usingizi wa mchana ulisogezwa mbele nusu saa kila siku ya pili, kwa kumtembeza mtoto na kumwosha uso alipoanza kusinzia, hata baada ya majuma mawili ukafika saa 6.30 mchana, nao ukapunguzwa uwe wa saa moja na nusu. Saa ya kulala usiku ilisogezwa robo saa kila siku ya tatu, hata ikafika saa 1.30. Jioni mtoto alikaa nje penye mwanga mpaka jua kutua. Alfajiri chumba kiliachwa giza, na gunia lilitundikwa dirishani kwa sababu ya taa ya barabarani. Alipoamka kabla ya wakati hakuna aliyewasha taa, hakuna aliyemchekea wala kumkaripia, na uji haukupikwa kabla ya saa 12, kwa kuwa tumbo nalo hujizoeza saa. Mama alimlaza kifuani na kusema maneno yale yale machache kwa sauti ya chini.

Siku nane za kwanza zilikuwa mbaya kuliko zile za zamani. Jambo hili halisemwi vya kutosha na watoao mashauri, na wazazi wengi huacha siku ya nne au ya tano wakidhani njia haifai. Mwezi ulipokwisha mtoto aliamka saa 11.30. Hakuzidi hapo, na hadi leo hazidi. Baba aliridhika, mama, ambaye angependa saa 12, alinung'unika kidogo, kisha akazoea kulala mapema. Saa za usingizi wa mtoto ni zile zile 11 na nusu. Zimehamishwa tu.

Juu ya kijiko cha dawa ya mafua yapasa kusema wazi, maana shauri lile hutolewa katika kila mtaa. Baadhi ya dawa za mafua na kikohozi zina kitu cha kuleta usingizi, na mtoto aliyepewa hulala kweli. Mwaka 2008 idara ya serikali ya Marekani isimamiayo vyakula na dawa ilionya kwamba dawa hizo ziuzwazo bila cheti cha daktari zisipewe watoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu ya madhara makubwa, hata ya kufisha. Kijiko cha jikoni hakina kipimo, na mzazi aliyelemewa na usingizi saa 10 za alfajiri si mtu wa kupima dawa. Wako pia wamtiao mtoto tone la pombe kinywani. Pombe huharibu usingizi wa mtu mzima, sembuse wa mtoto.

Tena liko jambo zito kuliko uchovu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu au miwili aamkaye wakati wazazi wamelala huwa ni mtu peke yake ndani ya nyumba. Hutembea. Hufikia mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda, akayanywa akidhani ni soda. Hufikia sufuria ya maji, wembe, vidonge vya nyanya yake. Kama chumba kinatiwa joto kwa jiko la makaa, hatari ni mbili: kuungua, na ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu itokayo katika makaa, ambayo imeua jamaa nzima katika vyumba vilivyofungwa. Jiko la makaa halina nafasi katika chumba cha kulala, awe mtoto ameamka au amelala. Katika nchi za malaria, kando ya Ziwa Victoria na Pwani, mtoto aliyetoka katika chandarua saa 10 ametoka wakati mbu wangali wanauma. Basi mzazi alalaye usingizi mzito asione haya kufunga kitasa kwa juu, kuinua mafuta ya taa hadi darini, na kumweka mtoto upande wa ukutani.

Kabla ya kuhamisha saa yoyote, mzazi hana budi kuangalia kama mtoto haamshwi na ugonjwa. Minyoo midogo myeupe kama nyuzi hutoka nje usiku kutaga mayai, na mtoto hujikuna makalio na kuhangaika. Upele huwasha zaidi usiku, na kama mtoto mwingine alalaye naye pia ajikuna, jambo ni hilo. Sikio bovu huuma zaidi mtu alalapo chali. Mtoto akoromaye kila usiku, anayelala kinywa wazi na kuonekana kana kwamba pumzi yake yakatika, apelekwe kwa daktari atazamwe mafindofindo. Na mtoto aliyekuwa akilala vizuri, akabadilika ghafula na kuwa na joto mwilini, hana habari za saa hata kidogo. Apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Kwa mtoto aliyetimiza miaka mitatu iko njia ya maneno. Hajui saa, lakini ajua alama. Katika nyumba nyingi alama iliyo rahisi ni ufa wa mlango: ukiwa mweusi, watu wamelala, ukiwa mweupe, waweza kumwita baba. Mtoto hupenda sana kukabidhiwa kazi ya kuulinda ufa, na wengine husinzia wakiulinda. Njia hii yahitaji wazazi wawili wa neno moja. Baba akimruhusu leo kwa kuwa ni Jumapili, na mama akimkataza kesho, mtoto atajaribu kila siku, naye ana haki ya kujaribu. Na zamu iwe zamu. Baba mwenye mshahara naye ana mikono, na mke apewaye alfajiri mbili tatu za kulala katika juma huwa mtu mwingine.

Wako watakaosema kwamba wazee wetu hawakuhesabu saa, na watoto walikua. Ni kweli. Katika miaka ya 1970 Wamarekani wawili, Charles Super na Sara Harkness, walikaa Kokwet, katika nchi ya Wakipsigis, wakawachunguza watoto wachanga na mama zao. Waliona kwamba mtoto alilala ubavuni mwa mama, akanyonya usiku kila alipotaka, na mchana alisinzia mgongoni mwa mama au wa dada yake kazi ikiendelea. Kuamka kwake hakukuwa shida kwa mtu. Marekani, mtoto wa umri ule ule alilala saa nyingi mfululizo, na wazazi walijitahidi sana kumzoeza hivyo, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa na saa za kazi. Mzee wa kale aliyeamshwa alfajiri aliweza kusinzia kivulini saa 8 mchana. Karani hawezi, wala dereva, na dereva akisinzia hafi peke yake.

Watoto wengi huacha usingizi wa mchana kati ya miaka mitatu na mitano, na hapo kuamka alfajiri hupungua chenyewe. Saa ya mwilini yaendelea kusogea miaka yote ya utoto. Ifikapo miaka 14 au 15 huwa imesogea mbele mno, hata kijana hapati usingizi mapema usiku, na asubuhi yule yule aliyekuwa akiita "Mama, kumekucha!" yapasa kuitwa mara tatu na kunyang'anywa blanketi.